Shaha na Cheki: Nasaba ya Neno Moja la Kiingereza

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, ambao wakiliona neno la Kiingereza lenye maana nyingi huhukumu papo hapo kwamba lugha ile haina nidhamu. Na wako wengine ambao, wakisha kupata habari kwamba neno fulani la Wazungu lilitoka Uarabuni au Uajemi, huridhika kana kwamba wamerudishiwa mali yao iliyoibwa. Makundi haya yaonekana kuhitilafiana, walakini kosa lao ni moja: yote mawili hulitazama neno kama kitu kilichotimia siku ya kuzaliwa kwake, wala hayaulizi limepita wapi, mikononi mwa nani, na katika shughuli gani. Nataka kulijadili jambo hili kwa neno moja tu, nalo ni «check», ambalo Mwingereza hulitumia kwa kumtishia mfalme katika sataranji, kwa kumzuia adui, kwa kukagua hesabu na kwa kueleza nguo ya mirabamiraba, na ambalo akilibadilisha hijai kidogo huwa karatasi ya benki. Neno hilo nasi tunalo, tena tulilipokea mara mbili.

Mwanzo wa habari uko Bara Hindi. Mchezo uliojulikana kwa Kisanskriti kama chaturanga, yaani wenye viungo vinne, uliigiza jeshi la zama zile: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Uliingia Uajemi kabla dola ya Wasasani haijaanguka katika karne ya 7, ukaitwa chatrang, na Waajemi wakamwita shah yule mfalme ambaye mchezo wote wamzunguka. Waarabu walipoitwaa Uajemi waliutwaa na mchezo wake, wakauita shatranji kwa kuwa lugha yao haina sauti ya «ch», na Baghdad ya Bani Abbasi ikatoa mabingwa walioutungia vitabu, akiwamo as-Suli wa karne ya 10. Desturi inayotuhusu hapa ni ndogo: mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenziwe hutamka «shah!» ili mwenziwe ajihadhari. Hivyo cheo cha mtu kikawa onyo, na onyo hilo ndilo lililosafiri.

Pale mfalme alipokosa pa kukimbilia, ilitamkwa «shah mat». Msomaji wa Kiswahili, ambaye maiti na mauti ni maneno ya kila siku katika usemi wake, hatasita kufasiri kwamba mfalme amekufa, na Waarabu wengi walifahamu hivyo hivyo. Lakini mfalme wa sataranji hafi. Kete nyingine zote huliwa na kuondolewa ubaoni. Yeye peke yake hubaki amesimama mahali pake, amezingirwa, hana hila. Kwa Kiajemi mat ni mtu aliyeduwaa, aliyekwama asijue la kufanya, na maana hiyo yaafikiana na kanuni za mchezo kuliko ile ya kifo. Mimi naishika tafsiri ya Kiajemi. Iwayo yote, yatosha kujua kwamba hata kabla ya kufika Ulaya maneno haya yalikwisha kufahamika kwa njia mbili baina ya watu waliokaa ubao mmoja.

Wazungu waliupokea mchezo kwa Waislamu wa Andalusia na wa bahari ya Mediterania. Mhispania aliuchukua pamoja na kitambulishi cha Kiarabu, ndiyo sababu huuita ajedrez. Mrusi alichukua nusu zote mbili za sentensi ya mwisho, akauita shakhmaty. Kilatini cha karne za kati kilishika jina la mfalme tu, likawa scaccus, na katika Kifaransa cha kale likawa eschec, uwingi wake esches. Mwingereza alipoyapokea kwa Mfaransa aliuchukua uwingi ukawa jina la mchezo wenyewe, chess, na umoja ukawa ile kelele ya kumwonya mfalme, check. Watoto wa shule wa London hufundishwa maneno haya mawili kana kwamba ni mbali na mbali, ilhali ni umoja na uwingi wa neno moja.

Toka hapo njia ya maana si ngumu kuifuata. Mchezaji aliyesikia onyo lile alilazimika kuiacha mipango yake yote amwokoe mfalme kwanza. Basi «check» ikawa kusimamishwa ghafula, kisha kizuizi cha namna yoyote, kisha kudhibiti. Wamarekani waliotunga katiba yao mwaka 1787 walisifu mpango wa mihimili ya dola inayozuiana, na neno walilolitumia kwa kuzuia lilikuwa hilihili. Yaani watu waliokuwa wametoka kumkataa mfalme walijikinga na wafalme wajao kwa kutumia jina la mfalme, wala hakuna aliyetanabahi.

Tawi la pili laanzia kwenye ubao, na hili ndilo tawi linalostahili kutazamwa kwa makini. Ubao wa sataranji kwa Kilatini cha zama zile uliitwa scaccarium. Katika enzi ya Henry wa Kwanza, aliyetawala Uingereza toka 1100 hata 1135, hesabu za mapato ya mfalme zilifanywa juu ya meza ambayo habari zake tumeachiwa na Richard FitzNeal, mweka hazina wa ufalme, katika kitabu chake cha Kilatini cha miaka ya 1170 kiitwacho Dialogus de Scaccario. Meza hiyo, asema, ilikuwa na urefu wa kadiri ya futi 10 na upana wa futi 5, na kingo zake ziliinuliwa kadiri ya vidole vinne ili kilichowekwa juu kisianguke. Ilitandikwa nguo nyeusi iliyonunuliwa wakati wa Pasaka, nguo yenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shubiri, na katika nafasi za mistari hiyo vilipangwa vidude vya kuhesabia: safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni, kisha ishirini, mamia na maelfu. Anayedhani kwamba taabu yote hii ilikuwa ya bure na ajaribu kutoa XLVII katika CCXIII kwa kalamu na karatasi, bila ya kuzigeuza kwanza ziwe tarakimu tunazozijua sisi.

Maliwali wa majimbo waliitwa mbele ya meza hiyo mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwishoni mwa Septemba, watoe hesabu ya walichokusanya. Upande mmoja alikaa mweka hazina na watu wake, upande wa pili liwali, na kila kidude kilichosogezwa kiliongeza au kupunguza deni lake machoni pa wote. FitzNeal hakusema kwamba mahali hapo paliitwa scaccarium kwa mistari ya nguo peke yake. Alisema pia kwamba kama wafalme wawili wapiganavyo ubaoni, ndivyo walivyoshindana hapa mweka hazina na liwali. Sisi ofisi ya namna hii twaiita Hazina, kwa neno la Kiarabu lenye asili ya kuweka akiba. Waingereza mpaka leo waziri wao wa fedha humwita kwa jina la ubao wa mchezo. Na kukagua, yaani kulilinganisha jambo na kipimo ili uongo uonekane, ni maana ambayo neno letu lingeweza kuipata kwa njia zote mbili, ya kizuizi na ya meza, kwani mkaguzi ndiye amzuiaye mwizi.

Sasa twaja kwenye karatasi ya benki, ambapo hoja huwaka moto. Imekuwa mazoea kusema kwamba «cheque» ni neno la Kiarabu sakk, yaani hati ya deni au ya malipo, na wanaosema hivyo wana la kushika: hati za namna hiyo zilitumika kwa wingi katika biashara ya zama za Bani Abbasi, na msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, alieleza kwamba aliona sakk ya dinari 42,000 aliyodaiwa mtu wa Awdaghust, ng'ambo ya jangwa la Sahara. Habari hiyo ni ya kweli na ya ajabu. Lakini mfanano wa sauti na wa kazi haujawa nasaba; nasaba yataka mlolongo wa mashahidi, mmoja akimpokea mwenziwe, na hapa baina ya sakk ya Sahara na karatasi ya benki ya London mna karne nyingi zisizo na shahidi. Kwa upande wa pili mlolongo upo. Katika karne ya 18 «check» ya benki ilikuwa ni kile kipande cha hati kinachobaki kwa mtoaji, ambacho karatasi iliyoletwa hulinganishwa nacho ili kuzuia kughushi. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi yenyewe, na hijai ya «cheque» ikazoeleka kwa kuiga ile Hazina ya mfalme. Mmarekani hakuifuata hijai hiyo, naye huandika kama zamani. Na kama ushahidi zaidi wahitajika, Waarabu wenyewe wa leo, ambao sakk wanayo, karatasi ya benki huiita shik, neno walilolipokea kwa Wazungu.

Maana zilizobaki nazipita upesi, maana hazina fumbo: hesabu ya chakula katika mikahawa ya Marekani, kitikiti cha mzigo uliowekwa amana, alama ndogo ya kuthibitisha kwamba jambo limekwisha. Zote ni watoto wa kulinganisha na kuthibitisha.

Kwetu pwani jina la shah liliwasili kwanza kwa bahari ya Hindi, bila ya kupita Ulaya. Tuna sataranji, na tuna shaha, ambaye hata asiyejua kuucheza mchezo humjua kwa kuwa mtunzi aliyewapita wenziwe huitwa shaha wa malenga. Michezo ina tabia ya kuja na istilahi zake. Mcheza karata wa Unguja anayetaja kopa, shupaza na uru anasema Kireno asichokijua. Kisha, karne nyingi baadaye, jina lilelile likaja kwa Waingereza na benki zao, likakuta hundi, neno la wafanyabiashara wa Kihindi, limekwisha kukaa mahali pake; na leo cheki na hundi zaishi pamoja, moja ikipendwa zaidi katika usemi na ya pili katika maandishi ya serikali.

Lakini kitenzi ndicho kilichoenea. Mwangalie fundi wa gari ambaye dereva amemwambia «Hebu nichekie oili»: achomoa kile kijiti cha kupimia, akifuta kwa tambara, akirudisha mpaka mwisho, akichomoa tena, kisha autazama ukomo wa mafuta dhidi ya alama iliyochongwa. Kukitazama tu mara ya kwanza hakukumtosha. Alihitaji kipimo na kitu cha kulinganishwa nacho, jambo ambalo FitzNeal angelitambua bila ya kufasiriwa. Vijana wamekwenda mbele zaidi, na anayesema «nicheki kesho» ataka atafutwe, si akaguliwe. Wazee huudhika. Mimi sioni sababu, kwa kuwa hatua hii si ndefu kuliko ile ya kutoka kwenye kilio cha mchezaji hadi kwenye katiba ya Marekani.

Tena tumefanya wenyewe, bila ya kumwiga mtu, hatua ambayo Waingereza waliifanya zamani. Chini ya miti ya mitaa yetu watu hucheza drafti juu ya kipande cha ubao kilichopakwa rangi mbili, kete zao zikiwa vifuniko vya soda, vya upande mmoja vimelala chali na vya upande wa pili vimefudikizwa. Na shati la mirabamiraba twaliita shati la drafti. Mwingereza alilipata jina la nguo yake kutoka ubao wa sataranji, sisi tukalipata letu kutoka ubao wa drafti. Lau kama maana zingekuwa mali ya asili, isingewezekana lugha mbili zisizo na nasaba moja zifike mahali pamoja kwa njia hiyo hiyo.

Kamusi zetu, toka ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zimetuzoesha kulipa neno la kigeni alama fupi ya lugha lilikotoka: hili Kiarabu, hili Kihindi, hili Kiingereza. Alama hiyo si uongo, walakini kwa sataranji hutaja mlango wa mwisho na kumsahau Mwajemi na Mhindi, na kwa cheki humtaja Mwingereza kana kwamba ndiye aliyeanza. Na kwa hayo huwapa silaha wale wanaogawa Kiswahili mafungu kwa kuhesabu alama. Wanaotayarisha matoleo yajayo nawaomba wafanye mambo mawili: waandike njia yote ya neno kadiri inavyothibitika, na waonyeshe kwa mifano ya maandishi yenye tarehe ni lini kila maana ilianza kutumika miongoni mwetu. La pili ndilo gumu, na halifai kungoja, maana wazee waliolisikia neno hundi likitajwa na Wahindi madukani wazidi kupungua.