Mizani Iliyopita Juu ya Butembo

Ikitajwa historia ya anga za juu nchini Kongo, mazungumzo huishia Shaba. Watu hukumbuka kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, eneo kubwa ajabu ambalo Mobutu aliikabidhi, na roketi tatu zilizorushwa kati ya Mei 1977 na Juni 1978, kabla kazi haijasimamishwa mwaka 1979. Ilikuwa biashara ya roketi za bei nafuu iliyozongwa na siasa, na nafasi inayopewa haiistahili. Elimu ya hewa ya juu ilipita kwingine: juu ya mapaa yetu wenyewe, Beni na Butembo.

Ushahidi ni namba moja ambayo wasomaji wengi huiruka katika taarifa za satelaiti ya San Marco 2: mwinamo wa njia yake kutoka ikweta, ambao haukufika digrii 3. Chombo hicho kilizunguka dunia pasipo kuuacha ukanda mwembamba wa katikati. Butembo haifiki hata robo digrii kaskazini ya ikweta. Beni ni yapata nusu digrii. Basi mara 14 hivi kila siku kilikatiza anga ya Kivu Kaskazini au ya majirani zake.

Kilirushwa tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini, Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Roketi, aina ya Scout, ilikuwa ya Marekani. Satelaiti na jukwaa vilikuwa vya Italia, chini ya uongozi wa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma.

Broglio aliingia katika utafiti uliokuwa ukiendelea tangu Sputnik ya 1957. Luigi Jacchia kule Marekani na Desmond King-Hele kule Uingereza walikuwa wakikadiria msongamano wa hewa ya juu kwa kutazama jinsi satelaiti zinavyoshuka kidogo kidogo zikikwaruzana nayo. Kwa njia hiyo ilifahamika kwamba Jua likichachamaa, hewa ya juu huvimba. Hilo ni jambo kubwa, nami silipunguzi. Lakini kushuka huko hukusanya athari za mizunguko mingi, na kinachopatikana ni wastani. Wastani wa siku kadhaa hauwezi kukueleza hewa iliyo juu ya mlima wako inabadilikaje saa hadi saa.

Broglio alitaka hewa ipimwe palepale ilipo. Akatengeneza mizani ya tufe ndani ya tufe: ganda jepesi nje, kiini kizito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ikilisukuma ganda, nalo husogea kidogo mno kutoka kwenye kiini, na msogeo huo hupimwa kwa umeme. Kwenye kimo cha kilomita 200 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa mabilioni ya mara, na bado mizani hiyo iliihisi. San Marco 1, iliyorushwa kutoka Marekani Desemba 1964, ilikuwa imeijaribu. San Marco 2 ikaileta kwenye ikweta yetu. Satelaiti za 1971, 1974 na 1988 ziliendeleza kazi hiyo kutoka Malindi, ingawa sifa zote zilikwenda kwa Uhuru, iliyorushwa hapohapo mwaka 1970 kutafuta nyota za eksirei.

San Marco 2 ilibeba pia chombo cha redio cha mwanasayansi Nello Carrara, cha kuchunguza elektroni za tabaka la ionosfia. Hapa wazee wa Butembo hawahitaji mkalimani. Kwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi, parokia, vituo vya afya na wafanyabiashara waliongea kwa redio ya fonia, na sauti zao zilifika mbali kwa sababu tabaka hilohilo liliyarudisha mawimbi ardhini. Mwendesha fonia alijua kwamba masafa yanayoshika mchana huenda yakamtupa jioni, akazungusha kitufe kutafuta mengine.

Somo la fizikia mjini Butembo lingeweza kuanzia kwenye kitufe hicho. Mkono uliokizungusha na mizani iliyopita juu yake vilikuwa vikisoma hewa moja.