Nani Atamtua Mzigo Mchukuzi?

Historia ya viwanda vya Mbeya na Iringa ni historia ya mabega pia. Wajerumani walipoweka boma Iringa mwaka 1896, shehena zilipanda kutoka pwani kwa wapagazi, kila mmoja na kilo 30 hivi.

Miaka ya 1970 mzigo ukapata magurudumu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika 1975, na viwanda vikaifuata: saruji Songwe 1983, karatasi Mgololo 1985. Mitambo ikasaga, ikachoma, ikakausha. Kuilisha na kupanga kinachotoka, hata hivyo, ni kazi iliyochelewa kuondoka mikononi mwa watu. Na nje ya lango la kiwanda haijaondoka. Mtazame kijana anayepakua saruji Mwanjelwa, Mbeya: anatandika gunia begani, mwenzake anamtwika mfuko wa kilo 50, anakwenda, anatua, anarudi. Lori la tani 10 ni mifuko 200.

Kwingineko mzigo huo ulikuwa umeanza kubadili mikono. Mwaka 1961 roboti Unimate iliingia kazini General Motors, New Jersey, ikitoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kusubu. Ilikuwa na nguvu, lakini haikuhisi mtu. Mwaka 1996 Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walibuni roboti shirikishi, ya kufanya kazi bega kwa bega na binadamu. Mwaka 2008 Universal Robots ya Denmark iliuza mkono wake wa kwanza wa roboti kwa kiwanda cha Linatex, ukalishe mashine. Ukimgonga mtu, unasimama. Kuufundisha, unaushika na kuuongoza njia ya kupita.

Mkono ule ulibeba kilo 5. Mingi ya leo huishia kilo 30 hivi. Kwa hiyo mfuko wa saruji bado unahitaji roboti kubwa iliyozungushiwa uzio, lakini katoni za chai ya Mufindi na za maziwa ya Iringa mikono hii inaweza kuzipanga kwenye chaga.

Mafundi wa mikono hii tuna pa kuwapata: Chuo cha Ufundi Mbeya cha 1986 leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Ila wa kwanza kufundishwa awe mpanga katoni mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye katoni ipi hubonyea na safu ipi huanguka. Roboti itakayomwondolea uzito na kumwachia ujira itakuwa maendeleo. Itakayomwondolea vyote viwili itakuwa imemtua mzigo ili imtwike njaa.