Duara la Kugeuzia Gari: Historia ya Kipimo na Tatizo la Istilahi Yake

Utangulizi

Watu wengi huamini kwamba kadiri gari linavyokuwa kubwa ndivyo linavyohitaji nafasi kubwa ya kugeuka. Imani hiyo ina mantiki, lakini si sahihi daima. Tuchukue mfano ulio machoni petu kila siku. Toyota Hiace ya bodi nyembamba, toleo la mwaka 2004, ina urefu wa karibu mita 4.7, na katika Afrika Mashariki magari ya aina hii yamebeba abiria wengi kiasi cha kupewa majina ya mitaani, kama vile vipanya vya Dar es Salaam. Toyota Premio ya mwaka 2007 ni gari dogo la abiria watano, fupi kuliko Hiace kwa takriban sentimeta 10, na kimo chake ni cha chini zaidi. Hata hivyo, katika vitabu vya maelezo vya Kijapani Hiace imeandikiwa nusukipenyo cha kugeuka cha mita 5.0, na Premio mita 5.3. Dogo lahitaji nafasi kubwa kuliko kubwa.

Jambo hili lingeweza kuachiwa mafundi wa magari lau lisingegusa kazi yetu ya istilahi. Miaka michache iliyopita tulipokea rasimu ya tafsiri ya maelezo ya magari yaliyokusudiwa kununuliwa kwa matumizi ya ofisi moja. Gari la kwanza, lenye karatasi za Kijapani, liliandikwa 5.3, la pili, lenye karatasi za Ulaya, liliandikwa 10.4. Mfasiri alitumia neno moja tu kwa yote mawili, yaani "mzingo wa kugeuka". Sisi wenyewe tuliipitia rasimu ile na kuipitisha. Kwa mujibu wa tafsiri yetu, gari la kwanza lilionekana kugeuka katika nusu ya nafasi iliyohitajiwa na la pili. Kumbe 5.3 ilikuwa nusukipenyo na 10.4 ilikuwa kipenyo. Gari la pili ndilo lililogeuka katika nafasi ndogo zaidi. Aliyegundua kosa hakuwa mwanalugha bali fundi mzee wa karakana, aliyeuliza kwa upole ni gari gani hilo linaloweza kuzunguka ndani ya mduara ambao halienei hata likiegeshwa.

Swali lake lilikuwa la haki. Katika hesabu, mzingo ni urefu wa mstari unaozunguka duara. Duara lenye mzingo wa mita 10.4 lina kipenyo cha mita 3.3 tu, na gari lenyewe lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kipimo hiki, sababu za magari madogo kushindwa na makubwa, na maneno tunayopaswa kuyatumia.

Kutoka gari la farasi hadi motokaa

Magari ya kukokotwa na farasi yaligeuka kwa njia iliyo nyepesi kueleweka. Ekseli nzima ya mbele, pamoja na magurudumu yake mawili, ilizunguka juu ya msumari mmoja wa katikati. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, gurudumu liliingia chini ya bodi, kwa hiyo lilidai nafasi kubwa au gurudumu dogo. Pili, ekseli ilipokatwa sana, gari lilipungukiwa na egemeo upande mmoja na kuweza kupinduka.

Mnamo mwaka 1816 mtengenezaji wa magari wa mjini Munich, Georg Lankensperger, alibuni njia nyingine. Ekseli ilibaki imetulia, na kila gurudumu likageuka juu ya msumari wake lenyewe. Gurudumu la ndani likakatwa zaidi kuliko la nje, kwa kuwa hupita katika duara dogo zaidi. Hataza ya London ya mwaka 1818 ilichukuliwa na wakala wake, Rudolph Ackermann, mchapishaji wa vitabu na picha, na hadi leo wahandisi huita mpangilio huo kwa jina la Ackermann. Hapa mwanaistilahi apata funzo lake la kwanza: jina la kitu si lazima limtaje aliyekibuni.

Carl Benz alipopata hataza ya motokaa yake mwaka 1886, tatizo la kugeuza magurudumu mawili alilikwepa kwa kuweka gurudumu moja tu mbele. Mwaka 1893 ndipo alipopata hataza ya usukani wa misumari miwili, akautumia katika gari lake lililoitwa Victoria. Tangu hapo magari mengi ya magurudumu manne yamefuata njia hiyo.

Kipimo chaingia katika sheria

Mnamo mwaka 1906 wasimamizi wa magari ya kukodi ya London waliweka masharti ya ubora wa teksi, na miongoni mwake likawamo sharti kwamba teksi iweze kugeuka katika futi 25. Watengenezaji wakalazimika kutafuta mbinu za kulitimiza. Teksi ya FX4, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4.5, lakini iligeuka katika kipenyo hicho cha futi 25, yaani mita 7.62, ambacho magari mengi madogo ya abiria hayakukifikia. Haikuwa ajabu wala bahati. Magurudumu ya mbele yaliachiwa nafasi ya kukatwa sana kwa sababu sheria ilidai hivyo.

Katika uandishi wake wa baadaye, sharti la London lilitaja vipimo viwili: mita 7.62 kwa njia ya magurudumu, na mita 8.535 baina ya kuta mbili zilizosimama sambamba. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Pua ya gari hutokeza mbele ya magurudumu, kwa hiyo hupita katika duara kubwa zaidi. Gari laweza kugeuka bila gurudumu kugusa ukingo wa barabara, na bado pua yake ikagonga ukuta ulio nyuma ya ukingo huo.

Kwa nini dogo lishindwe na kubwa

Mambo mawili ndiyo yanayotawala ukubwa wa duara: umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na pembe ambayo magurudumu ya mbele yaweza kukatwa. Urefu wa bodi, kimo na uzito havimo katika hesabu ya njia ya magurudumu.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Gari lenye umbali wa mita 2.7 baina ya ekseli, ambalo gurudumu lake la nje hukatwa kwa digrii 30, huchora duara lenye nusukipenyo cha mita 5.4. Tukirefusha umbali huo kwa sentimeta 10, nusukipenyo chaongezeka kwa sentimeta 20 tu. Lakini tukiacha umbali kama ulivyo na kuongeza pembe hadi digrii 40, nusukipenyo chapungua hadi mita 4.2. Digrii 10 zimeokoa mita 2.4 za kipenyo! Pembe, basi, ndiyo yenye neno kubwa.

Sasa twaweza kuuliza ni nini kinachozuia pembe hiyo katika magari madogo ya kisasa. Mwaka 1959 gari la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis, lilitoka likiwa na injini iliyolazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. Mwaka 1964 Dante Giacosa wa Italia aliweka injini na giaboksi bega kwa bega katika Autobianchi Primula, na mpangilio wake ndio ulioenea duniani. Toyota Corolla ya milango minne iliingia katika mkondo huo mwaka 1983. Faida zake ni kubwa: nafasi ya abiria yaongezeka na uzito wapungua. Lakini injini na giaboksi vikipangwa bega kwa bega hujaza upana wote baina ya magurudumu ya mbele, na nguzo za fremu husukumwa nje kuelekea matairi. Gurudumu likikatwa, hukuta nguzo. Isitoshe, gurudumu lilelile linalogeuka hupokea nguvu ya injini kupitia kiungo ambacho mafundi wetu hukiita sivi jointi, na kiungo hicho nacho kina kikomo cha kukunjwa. Tairi pana huzidi kuibana nafasi.

Hiace haina vizuizi hivyo. Injini yake imelazwa kwa urefu chini ya viti vya mbele, nguvu yaenda magurudumu ya nyuma, na umbali baina ya ekseli ni mita 2.57, ilhali Premio ina mita 2.7. Renault Twingo ya mwaka 2014 yathibitisha hoja hiyohiyo: injini ilipohamishiwa nyuma, magurudumu ya mbele yaliweza kukatwa hadi digrii 45, na kipenyo kikawa mita 8.6.

Maneno tunayoyapendekeza

Vitabu vya Kijapani hutoa nusukipenyo. Vya Uingereza kwa kawaida hutoa kipenyo. Kwa kuwa magari yetu mengi yaliyokwisha kutumika hutoka Japani, mfasiri wa Afrika Mashariki hukutana na desturi zote mbili juu ya meza moja. Hatuna budi kumpa maneno yasiyomchanganya.

Kwa dhana kuu twapendekeza "duara la kugeuzia". "Mzingo" tuuachie maana yake ya hesabu. "Duara la mageuzi", ambalo baadhi ya wafasiri wamelijaribu, halifai, kwa kuwa msomaji atadhani lahusu siasa. Kila tarakimu itanguliwe na neno "kipenyo" au "nusukipenyo". Isiandikwe peke yake kamwe. Kipimo cha njia ya magurudumu kiitwe cha "ukingo hadi ukingo", na kile cha bodi nzima kiitwe cha "ukuta hadi ukuta".

Ama kuhusu pembe ya mwisho ya magurudumu, lugha yetu tayari ina mbegu. Dereva anayemwelekeza mwenzake kuegesha gari husema "kata usukani, kata wote". Kutokana na kauli hiyo twapata "mkato wa usukani". Neno "usukani" lenyewe tulilipokea kutoka kwa mabaharia, ambao kwao ni chombo cha kuongozea jahazi kilichoko nyuma. Lilipohamia barabarani lilishika gurudumu la mkononi mwa dereva, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Neno zuri huweza kuhama, ili mradi watumiaji wakubaliane linakohamia.

Hitimisho

Historia hii yatuonyesha kwamba ukubwa wa gari si ukubwa wa duara lake, na kwamba tarakimu sahihi yaweza kusema uongo ikipewa jina lisilo lake. Rasimu tuliyoipitisha haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Kosa lake lilikuwa neno moja, na neno hilo lingeweza kununua gari lisilofaa kwa fedha za umma. Tangu siku ile tumejiwekea kanuni kwamba istilahi za ufundi zisitoke ofisini kabla hazijasomwa na fundi. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaokutana na maneno mengine ya namna hii karakanani au katika karatasi za ununuzi tunawaomba watuletee, pamoja na maoni yao juu ya haya tuliyoyapendekeza.