Nani Aliyeingia na Kamera?

Mwaka 2008 niliazima kompyuta na projekta, nikawaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tano filamu fupi juu ya mambo yanayotendeka ndani ya seli. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha wenzao kwa chaki na ubao tu: duara kubwa la seli, duara dogo la kiini, na mishale ya kwenda na kurudi. Siku hiyo darasa zima lilinyamaza. Protini moja yenye miguu miwili ilikuwa ikitembea juu ya kamba nyembamba, imebeba furushi kubwa kuliko yenyewe mara nyingi, hatua kwa hatua, kama mpagazi asiyejua kuchoka.

Filamu ilipokwisha, msichana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "nani aliyeingia humo na kamera?" Wenzake walicheka. Nami, kengele ikiwa karibu kulia, nilimjibu kwamba siku hizi kuna hadubini zenye nguvu sana. Jibu hilo halikuwa la kweli, na swali lake halikustahili kuchekwa.

Hakuna aliyeingia na kamera. Mwanga tunaoonea una mawimbi ya urefu wa nanometa 400 hadi 700 hivi, lakini hatua moja ya protini ile, iitwayo kinesini, ni nanometa 8 tu. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kupigwa picha ya kawaida kikiwa mwendoni, wala hakina zile rangi za kupendeza tulizoziona ukutani. Filamu nzima ilichorwa kwa kompyuta. Waliofanya kazi hiyo ni wasanii wa kampuni ya XVIVO ya Marekani, kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, nayo ikatolewa mwaka 2006.

Hata hivyo, wachoraji wale hawakubuni kila kitu kichwani mwao. Kinesini iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, walipokuwa wakichunguza neva nene za ngisi. Urefu wa hatua zake ulipimwa mwaka 1993. Sura za protini zilikwisha kuanza kujulikana tangu miaka ya 1950, John Kendrew alipopitisha miale ya eksirei katika fuwele za mioglobini, protini ya misuli, kisha akaijenga sura yake kwa vyuma. Katika miaka ya 1960, Cyrus Levinthal na wenzake huko MIT waliweza kuzigeuza sura kama hizo kwenye kioo cha kompyuta na kuzitazama kila upande. Kwa hiyo filamu ile ilikuwa hoja iliyojengwa kwa vipande vya ushahidi, na mchoraji ndiye aliyeziba nafasi zilizobaki kati ya kipande na kipande.

Tatizo langu halikuwa kile kilichochorwa, bali kile kilichofutwa. Mwaka 1991 mwanasayansi David Goodsell alikwisha kuchora seli ya bakteria jinsi ilivyo, imesongamana kama soko siku ya mkesha wa sikukuu. Katika seli kama hiyo protini peke yake zinaweza kufikia gramu 300 kwa lita moja. Ili tumwone mpagazi wetu, umati wote huo uliondolewa njiani. Tena mwendo wake ulinyooshwa. Kinesini haijui iendako. Molekuli za maji huipiga kutoka kila upande. Mguu ukiachia hutapatapa huku na huko mpaka uguse mahali pa kushika, na nguvu ya molekuli moja ya ATP kwa kila hatua ndiyo inayofanya iende mbele badala ya kurudi nyuma. Baada ya hatua mia moja hivi, kwa kawaida hubanduka. Wanafunzi wangu walitoka darasani wakiamini kwamba ndani ya seli kuna watumishi wenye akili na adabu, na mimi niliwaacha waamini. Mwaka 2013 Harvard na XVIVO walitoa filamu nyingine iliyoonyesha ule msongamano, lakini wale wangu walikuwa wamekwisha kumaliza shule.

Baadaye niliitazama filamu ya zamani zaidi, iliyopigwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1971 na Robert Alan Weiss. Kwanza Paul Berg, ambaye mwaka 1980 alipata Tuzo ya Nobel, anaeleza ubaoni jinsi protini inavyotengenezwa. Kisha tunapelekwa uwanjani, ambako kundi kubwa la vijana linayacheza maelezo hayo kwa muziki. Safu ndefu ya watu ni ujumbe uliotoka kwenye DNA, na wengine waliosongamana ni ribosomu. Wanagongana, wanateleza, wanacheka.

Mtu anaweza kuuona kuwa mchezo wa kitoto. Lakini hakuna atakayewatazama vijana wale akadhani ameona molekuli zenyewe. Wanajionyesha wazi kuwa ni mfano, na purukushani yao inaikaribia hali ya seli kuliko ule utulivu wa filamu yangu. Nimejifunza kwamba kadiri mfano unavyofanana na picha halisi, ndivyo mwalimu anavyodaiwa kusema mapema kuwa ni mfano.

Tangu hapo, kabla ya kuwasha projekta, huwatoa wanafunzi uwanjani. Watano hushikana mikono wakawa kamba, mmoja hubeba gunia, waliobaki huambiwa wamsukume ovyo. Anayebeba gunia hufika kwa taabu, na mara nyingine hafiki. Ndipo tunarudi ndani kutazama filamu, nami huuliza swali la yule msichana kabla hajaliuliza mwingine.