Gobore Litakula Nini?

Wewe unayetaka kuandika riwaya ya vita vya zamani vya huku kwetu Ruvuma, kabla hujampa shujaa wako gobore mwulize: litakula nini?

Gobore halina risasi ya dukani. Mwenyewe hutia baruti mdomoni, akaishindilia na kitambaa kwa ufito, kisha goroli au vipande vya chuma alivyokatiwa na mhunzi. Fataki ikikosekana, vijijini hutumia hata vichwa vya kiberiti. Anapiga mara moja, basi, anaanza upya. Simba hangoji, ndugu yangu!

Na hali hii haikuja yenyewe. Mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia bunduki mpya na risasi zake zisiwafikie Waafrika. Yakaachia gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo mwaka 1905 Maji Maji ilipofika Ungoni, mikuki na magobore vilikutana na bombomu. Wengi huwacheka wazee kwa yale maji. Mimi sicheki. Ahadi ya Kinjikitile ilikuwa risasi zigeuke maji. Mzee alijua hasa tulipozidiwa. Nduna Songea Mbano akanyongwa mwaka 1906.

Lakini zamu ilizunguka. Agosti 1914, mzinga wa meli ya Waingereza ulipolia Liuli, ziwani, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871. Moshi wa baruti yake uliwaanika kwa adui. Njia ya bahari nayo ikabanwa, risasi zikawa za kuokota: Tanga, Novemba 1914, waliokota za Waingereza kiasi cha 600,000.