Si Usimbaji Fiche, ni Ufumbaji

Kila mwenye simu siku hizi hukutana na maneno "usimbaji fiche", yaani kuilinda data isisomwe na asiye na ufunguo. Yamepitishwa na majopo ya istilahi, yakasambazwa, na walioyabuni huyatetea kana kwamba mjadala umefungwa. Mimi nayapinga, na sababu yangu kubwa naipata katika ujumbe wa huduma za wavuti, ambako usimbaji na ulinzi wa siri hukutana ndani ya bahasha moja ya SOAP, itifaki ya kupelekeana ujumbe kati ya programu.

Bahasha hiyo ni maandishi ya XML. Picha ya eksirei ya mgonjwa, kwa mfano, haiwezi kuingia humo ikiwa baiti ghafi, kwa hiyo hugeuzwa herufi kwa base64: baiti 3 huwa herufi 4, na faili la megabaiti 30 hufikia megabaiti 40. Huo ndio usimbaji. Hauna ufunguo, na yeyote aujuaye utaratibu husimbua. Januari 2005 W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliidhinisha MTOM, ambayo huitoa data hiyo nje ya bahasha na kuipeleka ikiwa ghafi katika kifurushi kilekile, ili uzito ule wa ziada usibebwe bure. Ulinzi una kanuni zake: W3C ilitoa za XML mwaka 2002, na WS-Security ya OASIS, shirika jingine la viwango, ikazifikisha kwenye SOAP mwaka 2004. Hizo zinadai ufunguo.

Sasa mwambie mhandisi kijana kwamba MTOM "imeondoa usimbaji". Atashtuka, adhani siri za wagonjwa zimeachwa wazi. Mwenzake akiiona base64 ataridhika kwamba data "imesimbwa", ilhali haijalindwa hata kidogo. Lawama naiweka kwenye istilahi: "fiche" ndiyo iliyobebeshwa maana yote, nayo ndiyo huanguka kwanza watu wanapozungumza.

Neno ninalolitetea ni ufumbaji. Kufumba ni kuziba kilichokuwa wazi: twafumba macho, kinywa, hata mkono. Katika mzizi huo limo fumbata, kushika ndani ya kiganja kilichofungwa. Limo fumba, ule mfuko wa mkeka wa kulalia. Limo fumbo, ambalo mshairi Muyaka wa Mombasa alilitumia kusema mbele ya wote yaliyokusudiwa wachache. Kauli ya kutendua imekwisha kutupa kinyume, fumbua, kama funga ilivyotupa fungua. Lugha za Ulaya zilikopa kwa Wagiriki neno la kufichika, na kwa Waarabu zikachukua sifr, iliyotupa sisi sifuri, zikaifanya jina la maandishi ya siri. Sisi tunalo la nyumbani. Na "kusimba fiche" kinyume chake ni kipi? "Kusimbua fiche"? Sijamsikia fundi hata mmoja akilisema hilo bila kujikwaa.

Jopo moja nililolipelekea pendekezo hili lilinijibu kwamba fumbo ni mali ya washairi, tena wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua; basi na data itang'amuliwa. Jibu hilo liliniudhi, maana linasahau msingi wa fani yenyewe. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo usidhurike hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri hubaki katika ufunguo. Adui wetu ndiye huyo mwerevu, na bila ufunguo werevu wake haumfikishi popote. Neno linalomkumbusha mhandisi kwamba mwerevu yupo njiani linamfaa kuliko neno linalomtuliza.

Kwa matumizi: mtumaji hufumba data kwanza, kisha huisimba kwa base64 au huiachia MTOM, mpokeaji husimbua kilichosimbwa, ndipo akafumbua kwa ufunguo wake.

Watafsiri wa programu na waandishi wa vitabu vya kompyuta, nawaomba: penye ufunguo andikeni ufumbaji, pasipo ufunguo andikeni usimbaji, na hiyo "fiche" muiondoe kabisa.