Nati ya Mwingereza, mpira wa Mjapani

Wadau, juzi nilikuwa Makutupora, kaskazini kidogo ya Dodoma mjini, kumsalimia baba mdogo. Wengi wenu mnapajua kwa kambi ya JKT, au kwa visima vinavyowapatia maji watu wa mjini. Mimi nimerudi na habari ya nati.

Baba mdogo ana Land Rover 109 ya siku nyingi. Asubuhi alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Kuchungulia nyuma ya gurudumu la mbele, mafuta ya breki yanadondoka pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki. Mpira ule ulikuwa mpya. Kijana aliyeufunga aliona unavuja, akazungushia tepu nyeupe ya mafundi wa maji, akakaza kwa spana malaya. Bado ukavuja.

Tukamwita fundi mzee. Akaitikia shikamoo zetu, akaifungua nati kwa vidole viwili tu, akacheka.

"Mwanangu, nati hii ya Mwingereza, mpira huu wa Mjapani. Hawa hawajawahi kuoana."

Ndugu msomaji, hapo ndipo historia inapoanzia. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi za nati na bolti zote ziwe za kipimo kimoja. Wamarekani wakaja na kipimo chao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ikawa taabu: bolti ya huku haiingii kwenye nati ya kule, na wote wanapigana upande mmoja. Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo cha pamoja, cha inchi. Aprili mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa Amsterdam. Baadaye gari hilo likahamia kwenye nyuzi hizo mpya, na ndilo lililozunguka Tanganyika na bwana shamba, daktari na mkuu wa wilaya.

Wajapani wao wanatumia milimita. Nati ya bomba la breki la baba mdogo ina upana wa inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Tundu la mpira mpya ni la milimita 10. Umeona mtego? Nati inaingia. Inazunguka. Inakudanganya kwamba imekaza.

Lakini kwa nini tumezoea kulazimisha? Kumbukeni wazazi wetu wamepita wapi. Bei ya mafuta ilipanda 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera ikaanza 1978. Fedha za kigeni zikaisha, na spea zikaisha nazo. Mafundi wakawa wanachonga, wanaunga, wanahamisha kifaa cha gari hili kwenda lile. Bila wao nchi ingesimama. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, Mzee Mwinyi akaingia 1985 na ruksa, na miaka ya tisini magari ya mtumba ya Kijapani yakamiminika. Spea za milimita zikajaa madukani. Za inchi zikawa za kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo simlaumu yule kijana. Amerithi ujanja wa miaka ya njaa. Ila breki haitaki ujanja. Tepu ile haisaidii kitu, kwa sababu kinachozuia mafuta pale si nyuzi, ni mdomo wa bomba uliotanuliwa ukabanwa sawasawa kwenye kikalio chake. Nyuzi kazi yake ni kubana tu. Na ukikanyaga kwa nguvu, nyuzi zisizolingana zinaweza kuchomoka. Gari hili lina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Likivuja moja, yote yamekwisha.

Fundi mzee alifanya nini? Alitoa mpira, akaagiza mjini mwingine wa nyuzi za inchi. Akakata kipande cha bomba kilichoharibika, akavisha nati mpya kabla ya kutanua mdomo (ukisahau hapo unaanza upya), akakaza kwa spana inayolingana. Kisha tukatoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, mimi nikikanyaga pedali, yeye chini ya gari. Mwisho akaniambia nikanyage kwa nguvu zote na nishikilie, huku anapapasa kwa kidole. Pakavu.

Zamani barabara hii ya kwenda Kondoa ilikuwa vumbi na mashimo, gari lilitambaa. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018. Sasa Land Rover ileile ya mzee inateremka na mwendo ambao barabara ya zamani isingeuruhusu, ikipishana na mabasi.

Ukiwa na gari la mzee nyumbani, lala chini leo uchungulie. Ukiona tepu nyeupe kwenye bomba la breki, usiwashe gari. Mwite fundi mzee.